Jakamoyo na Chakula: Tiba Iliyomo Jikoni Mwetu

Lugha yetu haikosi maneno ya kutajia dhiki ya moyo. Twasema jakamoyo, wasiwasi, fadhaa, kiherehere, dukuduku. Twasema fulani roho i juu, fulani moyo wamwenda mbio, fulani tumbo lamkata kwa hofu. Ukiyatazama vyema maneno haya utaona kwamba waliotuachia hawakuuweka wasiwasi kichwani peke yake. Waliuweka kifuani, waliuweka tumboni, na wakauweka katika pumzi. Walijua kwamba jakamoyo lina mwili, na kitu chenye mwili hakikosi kuguswa na kile mtu anachokula na kunywa.

Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo na wasomaji, kwa kuwa naona limesahauliwa. Katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu na Malindi hata Mombasa na Vanga, mtu akishikwa na jakamoyo aghalabu hukatiwa mojawapo ya hukumu tatu. Ama huambiwa imani yake ni haba, ama huambiwa ana jini au amefanyiwa mambo, ama huambiwa kwamba yeye ni mwoga tu na ajikaze. Hukumu ya kwanza humtia haya, ya pili humtia gharama, ya tatu humfumba mdomo. Nimeona bangili za mama wa watu zikiuzwa moja baada ya moja kwa ajili ya kijana asiyelala usiku, ilhali hakuna hata mmoja aliyemwuliza kijana yule swali jepesi: wewe, tangu adhuhuri hata usiku wa manane, watia nini kinywani?

Nisieleweke vibaya. Sikanushi yaliyomo katika Kitabu, wala simzuii mtu kujisomea na kusomewa. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi na huyu ngamia wetu, ambaye ni mwili, hebu tumfunge.

HEKIMA YA MTU WA BALKH

Kwanza tuondoe ile haya. Katika dua mashuhuri zilizopokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) imo ile ya kujikinga na mambo mawili ambayo Waarabu huyaita hamm na hazan. Wanazuoni hufafanua kwamba hamm ni hofu ya yajayo, na hazan ni huzuni ya yaliyokwisha pita. Lau hofu hiyo ingekuwa ni alama ya ukosefu wa imani tu, isingewekwa katika dua inayosomwa na wenye imani zao.

Wanazuoni wetu nao hawakulipuuza jambo hili. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika nchi ya Balkh, ambayo leo imo Afghanistan, aliishi mwanachuoni aliyeitwa Abu Zayd al-Balkhi. Alifariki mwaka 934. Katika vitabu alivyoviacha kimo kimoja kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, maana yake ni maslahi ya miili na ya nafsi. Sehemu ya kwanza ya kitabu hicho yahusu mwili: hewa, maji, chakula, usingizi na mazoezi. Sehemu ya pili yahusu nafsi: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Akasema kwamba viwili hivi vimeshikana, mwili ukiugua nafsi hupungukiwa na raha yake, na nafsi ikifadhaika mwili nao huathirika. Tena akamlaumu tabibu atazamaye upande mmoja akauacha wa pili. Na kama vile mtu mwenye busara huweka dawa ndani ya nyumba kabla ya maradhi kuingia, alishauri vivyo hivyo mtu ajiwekee fikira njema wakati moyo wake umetulia, apate kuzitumia siku utakapochafuka.

Huyo si mtu wa juzi, wala hakusomea Ulaya. Ni wetu.

UBONGO NA KEMIKALI ZAKE

Sasa tutazame sayansi ya zama zetu yasemaje. Ubongo wa mwanadamu una mabilioni ya seli, nazo seli hizo hupelekeana habari kwa njia ya kemikali. Kwa jambo letu la leo yatosha tuzitaje tatu.

Ya kwanza ni adrenalini, ambayo hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hii ndiyo baruti ya mwili. Ukishtuliwa na nyoka njiani, adrenalini humwagika katika damu, moyo ukaenda mbio, pumzi ikafupika, mikono ikatoka jasho, tumbo likajifunga. Yote hayo ni ili upate kukimbia au kupigana. Taabu ni kwamba mwenye jakamoyo humwagikiwa na baruti hiyo ilhali nyoka hayupo.

Ya pili huitwa gaba. Iligunduliwa katika ubongo mwaka 1950, na Eugene Roberts wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuieleza. Kazi yake ni kupoza. Seli iliyofikiwa na gaba hupunguza kelele zake, kama jahazi lililoshusha tanga.

Ya tatu ni serotonini. Mwaka 1948 wataalamu wa mji wa Cleveland, Maurice Rapport na wenzake, waliitenga kutoka katika damu, na mwaka 1953 mwanasayansi wa kike Betty Twarog akachapisha habari kwamba imo katika ubongo pia. Serotonini huhusika na utulivu, usingizi na hamu ya chakula. La kustaajabisha ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili, kiasi cha asilimia 90 na zaidi, hutengenezwa matumboni. Waliosema tumbo lamkata kwa hofu hawakuwa mbali.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Isidhaniwe kwamba jakamoyo ni kupungukiwa na serotonini tu, kama taa iliyopungukiwa na mafuta, ukiongeza inawaka. Mambo ya ubongo ni mazito kuliko hivyo. Wala serotonini ya tumboni haipandi ikaingia katika ubongo, kwani kati ya damu na ubongo pana kizuizi kisichoipitisha. Kwa hiyo wale wasemao kwamba ndizi huondoa wasiwasi kwa kuwa ina serotonini wamekosea njia. Ndizi ina serotonini kweli, lakini haifiki huko. Kinachofika ni malighafi yake, asidi iitwayo triptofani, ambayo hupatikana katika samaki, mayai, maziwa, kuku, kunde na korosho. Ubongo huichukua ukajitengenezea serotonini yake wenyewe. Na ili utengeneze serotonini na gaba huhitaji pia vitamini B6, ambayo imo katika samaki, kuku, dengu, viazi na hiyo hiyo ndizi. Basi ndizi usiiache, ila ujue waila kwa sababu gani.

VINAVYOCHOCHEA MOTO

Kabla ya kutafuta cha kuongeza, mwenye busara hutazama cha kupunguza. Nami naanza na kinywaji nikipendacho mno, kahawa.

Kahawa ni mila yetu. Masufi wa Yemen waliitumia tangu karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na kutoka huko ikaenea duniani. Birika la shaba, vikombe vidogo, kashata au tende pembeni, na mazungumzo ya baraza, hayo ni mambo ambayo sitaki yafe. Lakini ndani ya kahawa mna kafeini. Mchana kutwa ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, ambacho huuambia mwili kwamba umechoka, upumzike. Kafeini huja ikakaa mahali pa adenosini, ujumbe ule usifike. Katika watu wazima wengi, nusu ya kafeini uliyokunywa huwa ingalimo mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hiyo aliyekunywa saa kumi jioni, ifikapo saa tatu usiku angali na nusu yake. Wataalamu husema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, lakini mwenye jakamoyo huweza kutetemeka kwa chini ya hapo. Na hesabu hiyo haiishii kwenye kahawa tu. Chai ya rangi imo, soda nyeusi imo, na vile vinywaji vya mikebe wavipendavyo vijana vimo. Mkebe mmoja wa mililita 250 aghalabu huwa na miligramu 80.

La pili ni miraa na ndugu yake muguka. Jambo hili lina maneno mengi, nasi tulisikia mabishano yake mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipotangaza kuupiga marufuku muguka, na kesi ikafika mahakamani. Biashara na siasa nawaachia wenyewe. Mimi nautazama ubongo. Ndani ya majani yale mna kathinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga mwaka 1975, nayo kwa umbo na kazi yafanana na zile dawa za kuchangamsha ziitwazo amfetamini. Huchakaa upesi jani likinyauka, ndiyo maana miraa hufungwa katika majani ya mgomba na magari yake hukimbizwa kana kwamba yamebeba mgonjwa. Kathinoni huuchochea mwili kumwaga kemikali za jamii ya adrenalini. Saa za mwanzo ni handasi, maneno mengi na mipango ya kujenga maghorofa. Kisha huja kushuka. Usingizi hauji, chakula hakipiti, moyo wagonga, na kila atembeaye nje ya dirisha adhaniwa ni adui. Kijana huyo akifululiza hivyo wiki baada ya wiki, naye asukumia kwa soda na kahawa, je, ni ajabu akisema kwamba asikia watu wakimnong'onezea? Huenda lipo jambo jingine, lakini tuanze na hili lililo mkononi.

La tatu ni njaa ifuatwayo na sukari. Wako wengi watokao nyumbani asubuhi kwa kikombe cha chai chenye sukari vijiko vinne na hamri moja, wasile tena hadi alasiri. Sukari ile hupanda upesi katika damu, na katika baadhi ya watu hushuka upesi vilevile. Ikishuka mno mwili hujihami kwa kumwaga adrenalini, na hapo ndipo mikono hutetemeka na moyo kwenda mbio. Mwenye jakamoyo akiyasikia hayo hudhani balaa limemfika, kumbe ni tumbo linadai haki yake.

UJI WA SHAYIRI

Tuje sasa kwenye vile vinavyotuliza. Mbele ya vyote naweka chakula ambacho wengi wetu twakijua kwa jina tu, nacho ni talbina. Ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, ukachanganywa na maziwa au asali. Jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya maziwa, kwa weupe na wepesi wake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.), alipofiwa na mtu wa jamaa zake na wanawake waliokuja wakatawanyika, wakabaki walio karibu, huamuru talbina ipikwe. Akaeleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa chakula hicho huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni.

Tazameni alivyosema, sehemu ya huzuni. Haikuahidiwa kuondoa huzuni yote. Huo ndio mpaka wa chakula, na yeyote akuahidiye zaidi ya hapo akuuzia kitu.

Wataalamu wakiipima shayiri huona kwamba ina nyuzi laini ziitwazo beta-glukani, ambazo huifanya sukari iingie katika damu polepole. Basi ile panda shuka tuliyoitaja hupungua. Ina magnesi, madini ambayo neva huyahitaji katika kutulia kwake. Nyuzi zile tena huwa ni chakula cha vijidudu vyema vya matumboni, ambavyo siku hizi huchunguzwa sana kwa uhusiano wao na ubongo. Mwaka 2013 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya jaribio dogo walilolifanya kwa wazee waliokuwa katika makao ya kutunzia wazee, wenye dalili za unyonge wa moyo. Waliopewa talbina kila siku kwa wiki tatu walionekana kupata nafuu. Jaribio moja dogo halijengi nyumba, lakini ni jiwe la kuanzia.

Kuipika si kazi. Chukua vijiko viwili vya kulia vya unga wa shayiri usiokobolewa, utie katika kikombe kimoja cha maji, ukoroge juu ya moto mdogo kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Ongeza maziwa hadi upate wepesi uutakao, kisha asali kidogo au tende mbili tatu zilizopondwa. Mwenye ugonjwa wa sukari na aziache asali na tende. Ukiwa umeliwa asubuhi ndio bora, na saa moja kabla ya kulala pia wafaa. Wakati wa Ramadhani, daku ya uji huu humfaa mtu kuliko kahawa tupu.

Baada ya shayiri nataja samaki, maana sisi twaishi naye mlangoni. Vibua, simu, jodari na nguru wana mafuta yaitwayo omega-3, ambayo ni sehemu ya ukuta wa seli za ubongo. Mwaka 2018 yalikusanywa pamoja majaribio 19 yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba mafuta hayo yalipunguza dalili za wasiwasi kwa kiasi fulani. Lakini kipimo kilichoonyesha faida kilikuwa kikubwa, zaidi ya kile apatacho mtu kwa kipande kimoja cha samaki. Kwa hiyo nasema tule samaki mara mbili tatu kwa wiki kwa afya yote ya mwili, tukijua kwamba faida yake kwa moyo wenye jakamoyo ni ya haba na haba. Na kibua wa mchuzi au wa kupaka ni bora kuliko yule aliyekaangwa katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.

Kisha ziko mbaazi za nazi, kunde, dengu, mchicha, ufuta na korosho, ambazo zote zina magnesi. Yako maziwa ya mtindi. Hakuna hata kimoja hapo cha kuagizwa ng'ambo. Ni vyakula ambavyo bibi zetu walivipika, nasi tukaviona vya kimaskini, tukakimbilia chipsi na soda.

VIDONGE VYA MITAANI

Yapo mambo mawili ambayo sharti niyaseme wazi, kwa kuwa yaweza kuchukua roho.

La kwanza ni vile vidonge ambavyo vijana wa Mombasa huviita bugizi. Dawa za jamii hiyo, kama vile Valium iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, hufanya kazi kwa kuiongezea nguvu gaba tuliyoitaja. Zikitolewa na daktari kwa siku chache zina mahali pake. Zikinunuliwa vichochoroni huwa ni mtego. Ubongo hukinaika nazo upesi, ukataka zaidi, na jakamoyo likirudi hurudi na ndugu zake. Tena aliyezizoea asiziache kwa ghafla, maana kukatiza ghafla kwaweza kuleta kifafa na hata mauti. Na apelekwe hospitali apunguziwe polepole chini ya uangalizi. Asifungiwe chumbani, na asipigwe.

La pili, sio kila moyo uendao mbio ni wa wasiwasi. Tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta kutetemeka, jasho na kukonda. Upungufu wa damu huleta moyo kugonga na pumzi fupi. Basi apimwe damu kabla ya mtu kuhukumu. Na ikiwa jakamoyo limemzuia mtu kazi, swala au kulala kwa wiki kadhaa, au amefika kutamani kufa, hapo uji pekee hautoshi. Yako matibabu ya kuzungumza na yako ya dawa, na mtu asiache dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ameyasoma haya yangu. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa wengine wote ambao jakamoyo lao si la kiasi hicho, nawausia jambo jepesi la kujaribu kwa wiki mbili. Kahawa na chai iwe ni ya asubuhi, isipite adhuhuri, nayo ipunguzwe kidogo kidogo kwani kuikata ghafla huleta maumivu ya kichwa. Miraa na vinywaji vya mikebe viwekwe kando. Chakula cha asubuhi kisikosekane, na kiwe na kitu kizito kama shayiri, yai au kunde. Usiku mtu alale mapema, na kabla ya kulala avute pumzi polepole, aitoe kwa utaratibu zaidi kuliko alivyoivuta, huku akisoma nyiradi zake. Baada ya wiki hizo mbili ajipime mwenyewe.

Na wewe ambaye moyo wako umetulia, lakini nyumbani kwako au jirani yako yuko aliyeshikwa, usimpe hukumu. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wawapikie jamaa wa Jaafar walipofikwa na msiba, na desturi hiyo ya kupeleka chakula kwa wafiwa tungali nayo mwambao mzima. Mwenye jakamoyo naye ni kama mfiwa asiye na maiti. Mpikie uji, umpelekee ungali moto, kisha ukae naye mpaka bakuli limalizike.